Majina ya majimbo yakae kwenye jedwali, si ndani ya msimbo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niwaandikie vijana wa hapa Lubumbashi wanaotunza hifadhidata za maghala, za shule na za vyama vya akiba, kwa kuwa kosa ninalolikuta kila ninapoitwa kurekebisha kazi ya mwingine ni lile nililolifanya mwenyewe kwa miaka mingi: kuandika orodha ya majina ndani ya msimbo wa kila ripoti badala ya kuiweka kwenye jedwali.

Nilikuwa natunza hifadhidata ya ghala moja la dawa. Ripoti zote zilitakiwa zionyeshe jimbo la mteja, ilhali jedwali la wateja lilikuwa na jina la mji tu. Basi nikaandika kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, tamko la CASE, yaani orodha ya masharti na majibu yake: mji ukiwa Kolwezi, toa Katanga, ukiwa Kalemie, toa Katanga, ukiwa Bukavu, toa Kivu Kusini, hivyo hivyo mpaka mistari ikafika arobaini. Ripoti ya pili ilipohitajika nikanakili mistari ile ile, na ya tatu vivyo hivyo, nikijiona mwepesi wa kazi.

Mwaka 2015 majimbo ya nchi yetu yakatoka 11 yakawa 26, kama Katiba ya 2006 ilivyokuwa imepanga, na Katanga ikazaa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Nilipitia ripoti moja baada ya nyingine nikibadilisha majina, lakini ile ya mwaka ikanipita. Mkuu wa ghala akaweka karatasi mbili mezani: kwenye moja Kolwezi iko Lualaba, kwenye nyingine iko Katanga, nami sikuwa na la kusema. Tena mwishoni mwa CASE nilikuwa nimeweka ELSE, yaani jibu la mji wowote usiotajwa, inayotoa Katanga, kwa hiyo kila mji ulioandikwa vibaya, hata Lubumbashi ambayo karani aliifupisha kuwa «L'shi» kwa haraka zake, ulimezwa humo bila mtu kujua.

Dawa yake ilikuwa jedwali dogo lenye safu nne: mji, jimbo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kila ripoti sasa inaliunganisha kwa JOIN, ikilinganisha jina la mji na tarehe ya mauzo, hivyo dawa iliyouzwa Kolwezi mwaka 2013 inabaki Katanga na ya mwaka 2018 inahesabiwa Lualaba. Jaribu kuiandika kanuni hiyo ya tarehe kwa CASE uone masharti yatakavyorundikana. Ila tumia LEFT JOIN, kwa maana JOIN ya kawaida huutupa mstari wa mauzo ambao mji wake haumo katika jedwali, na jumla ya fedha hupungua kimyakimya. Kwa LEFT JOIN mstari hubaki, jimbo likiwa NULL, yaani halina thamani, na pengo linaonekana.

Simaanishi CASE ifukuzwe. Ikiwa na matawi mawili na inatumika mahali pamoja, iacheni. Pale ambapo sharti ni hesabu na si orodha ya majina, kwa mfano kumpanga mteja kwa siku za deni lake, jedwali la namna hii halifai sana. Andikeni hesabu hiyo mara moja ndani ya VIEW, yaani ulizo lililohifadhiwa kwa jina, au kwa WITH, inayolipa jina ulizo dogo juu ya ulizo kuu, kisha sehemu za kuchagua, kukusanya na kupanga (SELECT, GROUP BY na ORDER BY) ziitumie kwa jina. Na anayeandika CASE ili tu kuweka sifuri mahali pa NULL, COALESCE, inayotoa thamani ya kwanza isiyo NULL, inamtosha.

Wako wanaodai kwamba kuunganisha jedwali la ziada kunachelewesha ripoti. Jedwali la mistari mia moja halichelewishi chochote ambacho mtu aliyeketi mbele ya kompyuta atakitambua.

Siku hizi karani wa ghala lile, ambaye SQL haijui hata kidogo, akipata mteja kutoka mji mpya hufungua fomu, huongeza mstari mmoja, na ripoti zote hufuata bila mimi kupigiwa simu.

Wenu mtiifu,
Mtunza hifadhidata, Kampemba, Lubumbashi