Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari za Wikendi za Pikipiki, Milimani na Kando ya Mto

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na majina ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitazungumzia barabara, hasa ile ya Usangi, milimani Upare, kwa kuwa ndiyo inayoombwa zaidi na ndiyo inayokula breki zaidi.

Moshi hadi Mwanga ni lami ya kawaida, ukiondoa upepo na mabasi. Kazi huanza mkiacha barabara kuu kupanda Kikweni. Kona zimebana, na changarawe hujikusanya ukingo wa nje, palepale tairi linapotafuta pa kushika. Kupanda hakuna shida: gia ya pili, na mafuta yasikatwe katikati ya kona. Shida ni kushuka Jumapili mchana, watu wamechoka na kila mmoja anawahi nyumbani.

Breki ya nyuma ya shuu, yaani vipande vinavyobana ndani ya ngoma ya gurudumu, ukiikanyaga mfululizo huchemka mpaka shuu zinateleza; unakanyaga, pikipiki inaendelea na safari. Breki ya diski nayo ina ugonjwa wake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakichemka hutoa mapovu, mkono wa breki unalegea hadi kugusa usukani. Badilisheni kila baada ya miaka miwili. Kushuka, tumia gia ileile ambayo ungepandia, funga breki kabla ya kona, kisha achia ipoe. Wanaozima injini ili kubana petroli niwaambie tu kwamba pikipiki ya cc 150 huenda kama kilomita 40 kwa lita. Mteremko wote ule hauokoi hata lita moja.

Ukaguzi sasa utakuwa Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi mtu ameshavaa helmeti, nani atakuwa na moyo wa kumrudisha? Kanyaga breki ya nyuma utazame mshale kwenye mkono wa ngoma: ukivuka alama, shuu zimekwisha. Cheni icheze milimita 25 hadi 30, lakini zungusha gurudumu kwanza upate mahali ilipokaza zaidi, ndipo upime, kwa sababu cheni iliyochakaa hairefuki sawasawa. Upepo, fuata kibandiko cha pikipiki yako. Nyingi za cc 150 ni psi 25 mbele na 28 nyuma. Wanaopunguza sana ili tairi lishike vumbi wakumbuke kwamba tairi huteleza juu ya ringi na kuivuta tyubu, valvu inang'oka. Pancha ya namna hiyo haina kiraka.

Njia ya bwawa la Nyumba ya Mungu na kushuka na mto Pangani ni tambarare, ndiyo maana watu huidharau. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hujaa kati ya tairi la mbele na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mpanda pikipiki anakwenda chini akiwa kwenye mwendo wa kutembea. Fungueni madigadi ya mbele mapema, au msiende. Makorongo yake pia hushuka maji jua likiwaka, kama mvua imenyesha milimani Upare. Pimeni kwa miguu na fimbo. Yakipita ekseli, subirini. Injini ikizimia majini usiiwashe. Isukume nje, toa plagi, piga kiki maji yatoke, kisha tazama oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage.

Petroli jazeni Mwanga. Ya chupa za vijijini mara nyingine ina maji. Ikianza kukohoa, legeza skrubu ya chini ya kabureta, maji yatatangulia kutoka. Kila kundi libebe tyubu ya inchi 17 na ya 18, viraka na solusheni, pampu, kiungo cha cheni, waya wa klachi na plagi.

Machi hadi Mei njia zote mbili zitafungwa. Badala yake tutakwenda Marangu, Mkuu hadi Tarakea, lami mwanzo mwisho, ila maji ya mifereji hufurika barabarani kwenye kona za migombani, na majani ya migomba yaliyolowa huteleza kuliko tope.

Kamati inapendekeza abiria wasibebwe kwenye njia ya Usangi. Najua wapo watakaonuna. Kura itapigwa mara tu mweka hazina atakapomaliza kusoma hesabu.