Laptopu zenu msiziuze bei ya chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na ndugu zangu wa Mbeya, na wa Iringa na Njombe pia maana naskia huko mambo ni yale yale, kuhusu hizi laptopu wanazouza bei ya kutupa tangu Microsoft waseme Windows 10, ile programu yao inayoendesha kompyuta, basi. Ni kweli walisema, tarehe 14 Oktoba 2025 ndo ulikuwa mwisho wa apdeti za kawaida, lakini watu wamesikia "mwisho" wakadhani mashine itazima isiwake tena. Juzi hapa Mwanjelwa nimekuta Dell Latitude E6420, Core i5 kabisa, skrini safi, kibodi haina hata herufi iliyofutika, jamaa anaiuza kwa hela ambayo hupati hata simu ya kueleweka, namuuliza kwani ina tatizo gani, ananiambia "haikubali Windows 11 mzee, imeshapitwa hiyo".

Sasa jamani. Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta, inataka ya kuanzia kizazi cha nane na kale kachipu ka usalama kanaitwa TPM 2.0, hiyo Dell ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011, ingekuwa nako vipi wakati TPM 2.0 yenyewe ilikuwa haijatoka? Hayo ni masharti ya mwenye programu, mashine haiumwi. Kinachokosekana ni viraka vya usalama, yaani tundu likigunduliwa kesho huna uhakika wa kuzibiwa, na hilo sipuuzii, hasa kama humo humo ndo unafungulia akaunti ya benki.

Ila angalia tunachofanya badala yake. Unampelekea fundi, anakuwekea Windows ya kukraki, yaani ya wizi isiyolipiwa, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuzima antivairasi kwa sababu ikiwa macho inapiga kelele ikiona ile kraki. Anazima, anaweka, anakuambia "usiiwashe hiyo, inasumbua", unalipa unaondoka. Yaani umekimbia hatari ya tundu moja ukafunguliwa mlango mzima, na risiti hupewi.

Mi kompyuta nimeanza nazo enzi za disketi za 1.44 MB, na intaneti kafe ilikuwa ya dishi la setilaiti, kabla waya wa baharini haujafika Dar mwaka 2009, tunaandika barua pepe kwenye Notepad kwanza ndo tunalipia nusu saa ya kutuma. Kwa hiyo sio kwamba naogopa vipya. Nachosema ni kwamba kuna Linux, programu ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Finland, ni ya bure kihalali, haina kukraki, na aina yake inayoitwa Mint inakaa vizuri tu kwenye mashine ya RAM 4 GB, ukitoa ile diski ya kuzunguka ukaweka SSD ndogo, yaani diski isiyozunguka, ndo utashangaa kumbe ilikuwa inakimbia.

Kuna dada ana steshenari huku Uyole nimemwekea. Wateja wake ni wanachuo, na flashi za wanachuo mnazijua, zimejaa ile vairasi ya shotikati, unafungua unakuta mafolda yote yamegeuka vishale, mtoto analia ripoti yake ya fildi imepotea. Zamani alikuwa anafungua lile dirisha jeusi anaandika amri ya attrib ya kufichua mafolda huku foleni inanung'unika. Sasa hivi anachomeka, mafolda yaliyofichwa yanaonekana yote yamekaa pale pale, na vile vishale navyo vipo lakini havina pa kuuma, anaprinti anasema ndaga, yaani asante, mteja anaondoka. Ubaya upo pia nisidanganye: faili la Word lenye majedwali mengi likifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, linaweza kuruka mistari, basi anawaambia waje na PDF. Na ofisi yenye programu ya uhasibu ya Windows tu, hiyo ibaki ilivyo, sitaki nilaumiwe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yote sio siri na wala sio mapya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za Kiswahili, mwaka 2004, Kiswahili kabisa kwenye menyu, leo muulize kijana anayemaliza kozi ya kompyuta kama amewahi kuisikia. Siku hizi mtu akiuliza swali onlaini anajibiwa "njoo inbox". Anaenda inbox, anatumiwa voisi ya dakika nne nusu yake ni salamu, anatoa hela, tatizo linaisha, na wa pili mwenye tatizo hilo hilo anaanza upya kwa sababu jibu limezikwa kwenye simu ya mtu. Hata bei ya chaja wanaficha inbox! Chaja! Zamani huko huko onlaini tulikuwa tunajibizana hadharani, kwa matusi wakati mwingine sikatai, lakini jibu linabaki, mtu wa Makambako anatafuta mwaka unaofuata analikuta.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni kwako na lenyewe dogo. Kurasa za mikeka ya kubeti unazo na wateja wake wapo, sigusi. Nipunguzie robo ukurasa kwa wiki, watu watume maswali ya kompyuta, sisi wazee tujibu kwa maandishi, bure, na jina la mashine liandikwe vizuri pamoja na RAM yake maana "laptopu yangu ni nzito" sio swali. Nipo tayari kuanza hata wiki ijayo, la kwanza nitaeleza jinsi ya kutengeneza flashi ya Mint, unaijaribu bila kufuta kitu chochote kwenye mashine yako.

Ni mimi msomaji wenu,
Uyole, Mbeya