Jalada liko juu

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi huku hatujambo.

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona kesi za wanasiasa haziishi, na ukasema ukisikia tu neno rufaa unajua kesi imeshapigwa kalenda. Salio likakatika kabla sijakujibu. Nimelala na swali lako siku mbili, heri nikuandikie.

Unamkumbuka kijana wa jirani yetu, yule aliyekamatwa na wenzake baada ya mkutano? Wiki iliyopita nilimsindikiza mama yake mahakamani. Tulifika saa moja asubuhi, tukakaa kwenye benchi la nje hadi karandinga likaingia. Kijana akashuka, mkono mmoja una pingu ya kushirikiana na mwenzake, mwingine umeshikilia suruali isimwanguke, maana amekonda na mkanda hana. Ndani hatukukaa hata dakika tano. Wakaambiwa jalada liko Mahakama Kuu, limeitishwa huko kwa sababu ya rufaa ya dhamana. Hakimu akapanga tarehe nyingine. Mama akaninong'oneza, "Karatasi zimepanda juu, mbona mtoto wangu kabaki chini?"

Sikuwa na jibu, shoga yangu. Huko juu hakuna anayebishania kama mtoto alitenda kosa au hakutenda. Wanabishania kama alale kwao au mahabusu, na wakati wanabishana, analala mahabusu.

Lilivyompata huyu ndivyo lilivyowapata wakubwa. Februari 16, 2018 kule Kinondoni, Dar es Salaam, polisi walipotawanya maandamano ya chama cha upinzani cha Chadema, mwanafunzi wa chuo aliuawa kwa risasi akiwa kwenye daladala. Mwezi uliofuata viongozi wa chama wakafikishwa mahakama ya Kisutu kwa maandamano hayo. Novemba 23 mwaka huohuo, Freeman Mbowe na Esther Matiko wakafutiwa dhamana, wote wakiwa wabunge. Wakakata rufaa Mahakama Kuu. Upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka wa serikali, ukaweka pingamizi la awali, kwamba rufaa hiyo isisikilizwe kabisa, jaji akalitupa. Ungedhani hapo rufaa inasikilizwa kesho yake. Jamhuri ikaenda Mahakama ya Rufani, iliyo juu ya Mahakama Kuu, kupinga uamuzi huo wa pingamizi, na jaji akalazimika kusimamisha usikilizwaji. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya Jamhuri Machi 1, 2019, na Machi 7 dhamana ikarudishwa. Nimehesabu kwa vidole: siku 104. Krismasi na mwaka mpya wamevipitishia gereza la Segerea, na swali la msingi, wana hatia au hawana, halijaguswa!

Kinachonishangaza ni wepesi wake. Mtu hahitaji hoja yenye nguvu. Notisi ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani ikishapokelewa, Mahakama Kuu inafungwa mikono. Hata kama hoja ni ya kutupwa, miezi itapita kabla haijatupwa. Kwa aliye nje, miezi hiyo ni usumbufu. Kwa aliye ndani ni adhabu, na hakuna hakimu aliyeitamka.

Lakini usinielewe vibaya ukaanza kuilaani rufaa yenyewe. Hao hao viongozi walitiwa hatiani Kisutu Machi 10, 2020, wakaambiwa walipe faini au waende jela miezi 5 kila mmoja. Nani aliyewasafisha? Mahakama Kuu, kwa rufaa, Juni 25, 2021. Bila mlango huo hukumu ile ingebaki shingoni mwao maisha yote. Kwa hiyo anayesema rufaa zifutwe ili kesi ziende haraka, mimi simwungi mkono hata kidogo. Haraka ya namna hiyo itamfikisha mtu gerezani mapema tu.

Na wabunge wetu waliliona tatizo zamani. Tangu mwaka 2002 sheria inakataza kupeleka Mahakama ya Rufani uamuzi mdogo wa katikati ya kesi, ule usiomaliza shauri. Unasubiri kesi iishe, ndipo unakata rufaa kwa yote. Ni sheria nzuri sana. Ila mtu akikata rufaa isiyoruhusiwa, bado majaji lazima wakae waseme kwamba hairuhusiwi, na kukaa kwao kuna foleni.

Mimi ningeomba mambo mawili tu. Rufaa ya dhamana isikilizwe kabla ya nyingine zote, kwa siku, si kwa miezi. Na jalada lipigwe nakala! Hivi kweli mtu akae ndani kwa sababu karatasi ziko jengo jingine? Chini waendelee na mashahidi wakati wa juu wanabishana, kwa sababu mashahidi nao wanahama na wanasahau. Mwingine anakufa, na ushahidi ambao huenda ungemwokoa mshtakiwa unazikwa naye.

Tarehe ya kijana ni Jumanne. Mama yake ameniomba twende tena, na safari hii anataka kubeba mkanda, ingawa nimemwambia hawatampokelea. Amesema ataubeba hivyo hivyo. Ukipata nafasi Jumatatu jioni mpigie, ana namba yako, na sauti yako anaipenda.

Wako akupendaye,
Shoga yako