Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wachora Herufi wa Kisumu na Nakuru

Ndugu wanachama,

Habari za mwaka mzima. Mambo ya fedha mweka hazina ameshawasomea, nami sina la kuongeza ila shukrani kwa wote waliolipa ada mapema. Nitakaa kwenye kazi yenyewe, yaani herufi.

Mkutano uliopita niliomba kila anayeanza fonti mpya ya mapambo, yaani seti ya herufi za kuandikia kwa kompyuta, aiache kompyuta kwanza, atoke akatazame. Niliomba hivyo kwa sababu kuna jambo limenikera miaka mingi. Mteja akitaka bango la hoteli ya watalii au jalada la ngano za Kiafrika, hupewa herufi zilezile: nene, kingo zimechongwa kama kwa panga, herufi kubwa tupu. Watu huziita za Kiafrika. Nyingi ni fonti iitwayo Neuland au wajukuu wake, na Neuland ilitoka Ujerumani mwaka 1923. Rudolf Koch aliichonga kila saizi moja kwa moja kwenye chuma, bila kuichora kwanza. Nyingine ni Lithos, ya Carol Twombly wa Marekani, mwaka 1989, naye alikuwa akitazama maandishi ya kale ya Wagiriki yaliyochongwa kwenye mawe. Ni kazi za mafundi hodari na ninaziheshimu. Lakini Afrika haikuwamo katika mawazo yao. Jina hilo zilibandikwa baadaye, nasi tukalipokea tukaanza kuliuza.

Basi tulitoka.

Kundi la kwanza lilishinda Dunga, ufukweni Kisumu, likitazama majina yaliyopakwa ubavuni mwa mashua za wavuvi. Ubao wa ubavu huwa mwembamba kadiri unavyokaribia omo, kwa hiyo fundi hupunguza kimo cha herufi moja baada ya nyingine. Unene wa mstari haupungui, maana brashi ni ileile. Neno huanza refu na jepesi, likamalizikia fupi na zito, na jicho linaridhika kabisa. Vijana wetu wameigeuza tabia hiyo kuwa fonti: kila herufi imechorwa kwa vimo vitatu, na programu huchagua kimo kwa kuangalia herufi ilipo ndani ya neno. Nimeiona ikifanya kazi. Sijafurahi hivyo tangu tuanze chama hiki.

Kundi la pili lilikwenda Thimlich Ohinga, kule Migori, kwenye kuta za mawe ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Zimesimama karne kadhaa bila udongo wala saruji. Siri yake ni kwamba ukuta una safu ya nje na safu ya ndani za mawe yaliyopangwa kwa uangalifu, na katikati mawe madogo yanayozishikamanisha. Herufi zilizozaliwa huko zina mistari miwili ya nje na vijiwe katikati. Kwenye pointi 72, yaani kama inchi moja, zinapendeza mno. Ukizishusha hadi 14 vijiwe vinabanana na herufi inakuwa doa. Naomba tusione aibu kuliandika hilo wazi kwenye maelezo ya fonti. Hii ni fonti ya mabango na majalada, haikuumbwa kubeba barua.

Nakuru nako kulikuwa na funzo chungu. Mwenzetu alikabidhi bango la harusi lililoandikwa kwa Gĩkũyũ, na kila ĩ na ũ ilikuwa imetoka kwa fonti nyingine, nyembamba, kama meno ya kuazima. Fonti yetu haikuwa na herufi hizo, kwa hiyo kompyuta ilikopa kwingine. Familia iliyoagiza iliumia, na ilikuwa na haki. Mimi ndiye niliyeikagua fonti ile na kuipitisha, kwa hiyo kosa ni langu. Tangu siku hiyo hakuna fonti inayotoka hapa bila ĩ na ũ, kubwa na ndogo, na alama ya ng' iliyochorwa kwa mkono ule ule uliochora herufi nyingine. Ng'ombe asiandikwe kwa alama ya kuokota.

Tumebadilisha pia maneno ya kujaribia nafasi kati ya herufi na herufi. Fonti nyingi tunazopakua zimepimwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimejaa A, na WA, YA, KA hurudi kila mstari. Andika AKAWAAMBIA kwa herufi kubwa kwa fonti yoyote ya mapambo ya bure, uone mwanya unaofunguka kati ya W na A. Anayetaka kuona mfano bora wa kazi hii atazame jina la leso: herufi kubwa, mstari mmoja, linasomeka mwenye leso akiwa anatembea.

Leseni: fonti tunazozitoa bure zitatoka chini ya leseni huria ya fonti ya shirika la lugha la SIL, inayomruhusu mtu kuzitumia na kuzibadilisha, ila si kuziuza peke yake. Za wateja tutaandikiana mkataba.

Nimemwacha mwisho mzee wa mabango karibu na soko la Kibuye. Tulimkuta akipaka kibao cha kinyozi. Herufi S aliianza katikati: mgongo kwanza, kisha kichwa, kisha mkia. Sisi wote tulikuwa tukiianzia juu, ndiyo maana S zetu zilikuwa zikianguka mbele. Tumezichora upya zote. Mabango ya plastiki ya mashine yamemnyang'anya kazi nyingi, na kuta alizopaka zinafunikwa kwa rangi za matangazo.

Hivyo nina pendekezo moja tu la kupigiwa kura leo. Fonti yoyote iliyotokana na mkono wa fundi tunayemjua ibebe jina lake ndani ya faili, kwa idhini yake, na ikiuzwa apate fungu lake kabla ya chama kuchukua chake. Karatasi za kura ziko kwa katibu.

Mwenyekiti