Mkojo wa kijani ICU sio sumu jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linatesa watu bure. Mgonjwa yuko ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kwenye mashine ya kupumulia, kalazwa kwa dawa ya usingizi inaitwa propofoli, ile nyeupe kama maziwa (weupe wake ni mafuta ya soya wanayochanganyia humo), siku moja ndugu wanaingia kumwona wanakuta mfuko wa mkojo pembeni ya kitanda umejaa maji ya kijani, tena kijani kibichi kabisa. Hapo ndo vurugu inaanza.

Kwetu ilimkuta shemeji yangu baada ya ajali ya bodaboda. Mama mkwe kuuona ule mfuko tu, yowe, mwanangu kalishwa sumu, binamu mmoja akaanza kutaja majirani kwa majina, mwingine anataka mgonjwa ahamishwe usiku huohuo. Nesi akapita akasema "ni dawa tu hiyo" akaenda zake. Sasa ni dawa tu ndo nini?

Maelezo yenyewe wala sio marefu. Ini linaivunjavunja ile dawa, mabaki yanatolewa na figo, na kwa wagonjwa wachache yale mabaki ndo yanatia mkojo ukijani, figo zenyewe ziko poa. Dawa ikisimamishwa rangi inarudi kawaida, ya shemeji ilirudi. Sisemi kila ukijani ni salama, kuna bakteria wanaleta rangi hiyohiyo na dawa zingine pia kama amitriptilini (ile ya sonona), ndo maana daktari anaweza kuagiza mkojo upimwe. Ila ukiuona mwekundu au mweusi hiyo ni habari nyingine, muite daktari hapohapo.

Na dawa hizi za usingizi zina vituko vingine. Ketamini inaweza kumwacha mtu macho kodo anaangalia dari na wala hakusikii, akizinduka anakusimulia ndoto hazina kichwa wala miguu. Midazolamu yenyewe inafuta kumbukumbu, unaweza kukaa na mgonjwa mkaongea vizuri tu kesho yake anakununia eti hukuja kumwona.

Ombi langu kwa hospitali, yule anayetusimamisha mlangoni kutuambia tunawe mikono na tuzime simu, aongezee na hili la mkojo hapohapo, haimchukui hata dakika.

Msomaji wenu,
Morogoro