Barua ya wazi kwa mnaosema "Mimi ndivyo nilivyo"

Wanangu mliovuka miaka 30,

Ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi mmeigeuza ngao. Mtu akiambiwa kila ahadi yake huchelewa, jibu ni hilo tu: ndivyo nilivyo. Hata William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba kwa wengi wetu, tukifika 30, tabia huwa imeshaganda. Lakini mwaka 2006 mtafiti wa saikolojia Brent Roberts na wenzake walijumlisha makundi 92 ya watu waliofuatiliwa kwa miaka, wakakuta bidii na utulivu wa moyo hupanda hasa kati ya miaka 20 na 40, na mabadiliko mengine huendelea hadi uzeeni. Ni kweli, mpole wa rika lenu ataelekea kubaki mpole kuliko wenzake. Lakini rika zima linasogea.

Basi msikae kungoja ndoa au mtoto awatulize; ushahidi wa hilo ni hafifu. Chagueni tabia moja, kisha tendo moja dogo. "Nitapunguza hasira" ni matamanio tu. "Nikijibiwa kwa ukali, nitavuta pumzi tatu, kisha nitauliza swali kabla ya kujitetea": hapo pana wakati, pana tendo, na jioni unaweza kusema umefanya au hukufanya. Andika. Jipe wiki 15. Ndio muda ambao mtafiti wa saikolojia Nathan Hudson na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo kazi za namna hii kila wiki, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Waliozitimiza walibadilika. Waliozipokea bila kuzitimiza hawakupata kitu, na wengine walirudi nyuma.

Hapo ndipo wengi wenu huanguka: mnajitwisha mzigo mkubwa. Ukishindwa wiki mbili mfululizo, kata tendo nusu, wala usiongeze azma. Na mara moja kwa mwezi muulize unayeishi naye ameona nini. Wewe hujipima kwa nia. Yeye huona matendo.

Wasiwasi au huzuni isiyoondoka msipambane nayo kwa daftari. Nendeni kwa mshauri nasaha au daktari. Na mtu mzima akibadilika ghafla, aliyekuwa mtaratibu akaanza kutapanya fedha na kutukana watu, msimwite mkaidi. Huenda ni ugonjwa wa ubongo au wa akili, au jeraha la kichwa. Mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo.