Filta za maji mmetuletea, koki je?

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni. Huku kwetu Handeni wengi tunakunywa maji ya lambo, sisi tunachota upande huu ng'ombe wanakunywa upande ule, ndo maisha. Kwa hiyo zilipoletwa zile filta za chungu, kile cha udongo kinachokaa ndani ya ndoo yenye koki chini, watu tulishukuru kwa kweli, maji yake matamu hayanuki moshi kama ya kuchemsha na kuni hazipotei.

Sasa zunguka leo nyumba kwa nyumba uone. Jirani yangu ndoo yake anawekea dagaa. Koki ilianza kuvuja, akaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ikavuja tena, akaenda hadi mjini wakamtolea koki ya bomba la uani, tundu halilingani, basi akaona ya nini. Koki tu jamani!

Kwingine chungu kimeziba. Masika maji ya lambo ni tope tupu, ukiyamimina hivyohivyo, chungu kilichokuwa kinatoa lita moja mpaka tatu kwa saa kikiwa kipya kinaanza kudondosha tone tone, na nyumba ina watu wanane, nani atasubiri? Na dawa yake wala si ngumu, unayaacha maji yatulie usiku kucha, unayachuja kwa kanga kuukuu ndo unaweka kwenye filta, na chungu kikizidiwa unakisugua taratibu kwa brashi laini na maji safi, sabuni hapana. Lakini kwenye semina waliitwa akina baba, wakakaa chini ya mwembe wakanywa soda, wanaochota na kusugua ni akina mama na mabinti, na siku hiyo walikuwa lamboni. Ndo maana unakuta mtu anasugua chungu kwa sabuni ya unga, au filta nzima kabisa ila maji yakishatoka yanamwagwa kwenye mtungi wazi kila mtoto anachovya kikombe na vidole vyake.

Wenye miradi msituhesabie mlizogawa, rudini baada ya masika mhesabu zinazotoa maji, mkaongee na mama mwenyewe jikoni. Na mwenye duka hapa kijijini mwekeeni koki na vyungu vya kubadilisha auze. Vocha tunanunua kila siku, koki itatushinda?

Mkulima, Handeni, Tanga